Nani Anasikilizwa Chwele? Uhakiki wa Vipimo vya Wasikilizaji wa Redio Magharibi mwa Kenya

1. Utangulizi

Katika taaluma yetu ya lugha na fasihi tumezoea kuhakiki matini: riwaya, diwani, tamthilia, na siku hizi hata hotuba na magazeti. Kuna aina moja ya matini ambayo wahakiki wa lugha hawajaishughulikia ipasavyo, ingawa ina uwezo mkubwa wa kuamua ni lugha gani isemwe hewani na ni ipi inyamazishwe. Matini hiyo ni ripoti ya vipimo vya wasikilizaji wa redio. Nchini Kenya ripoti za namna hii zimekuwa zikitolewa na makampuni ya utafiti kama vile Ipsos na GeoPoll, na vilevile na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Kila ripoti hupanga vituo kwa daraja: cha kwanza, cha pili, cha tatu, hadi mkiani. Mpango huo ukishatangazwa, huchukuliwa kuwa ni ukweli mtupu usiohitaji kufasiriwa.

Katika makala haya tutajaribu kuonyesha kwamba mpango huo wa daraja, kama ulivyo, hauwezi kutueleza ni nani anayesikilizwa mahali kama Chwele, mji wa soko ulio katika eneo bunge la Kabuchai, kaunti ya Bungoma, karibu na miteremko ya Mlima Elgon. Tutatazama kwanza maneno yenyewe yanayotumika, kwa kuwa ndani ya maneno mna nadharia. Kisha tutachunguza hesabu, halafu lugha, na mwishoni tutapendekeza kazi ambayo idara za lugha zinaweza kuifanya bila kuwangojea wenye mitaji.

2. Kusikia, kusikiliza na kusikilizana

Kiswahili kimetofautisha mambo ambayo ripoti hizi huyachanganya. Kusikia ni jambo la sikio: sauti imefika. Kusikiliza ni jambo la nia: mtu ametega sikio kwa makusudi. Kusikilizana ni jambo la watu wawili au zaidi, na maana yake haiishii kwenye masikio, kwani wanaosikilizana wamepatana. Tena mtu aitwapo msikivu, husifiwa kwa kuwa aambiwalo hulitia moyoni na kulitenda. Kwa hiyo mzizi mmoja umezaa ngazi nne, tangu sauti kupita sikioni hadi neno kutendwa.

Sasa tuitazame Chwele yenyewe. Redio iko kwa kinyozi, iko kwa fundi cherehani, iko kwenye kinu cha kusagia mahindi, na imefungwa katika pikipiki za bodaboda. Mwanamke auzaye vitunguu na nyanya husikia kituo alichokichagua mwenye kibanda cha jirani. Abiria wa matatu iendayo Kimilili au Bungoma mjini husikia kituo alichokipenda dereva. Mtafiti akimwuliza mwanamke huyo jioni, “Jana ulisikiliza kituo gani?”, naye akataja kituo cha jirani yake, jawabu lake litatiwa katika hesabu sawasawa na la mzee aliyeketi nyumbani saa nzima akiifuata habari neno kwa neno. Katika jedwali wote wawili ni “wasikilizaji”, ijapokuwa mmoja alisikia na mwingine alisikiliza.

Neno la pili linalostahili kuchunguzwa ni hadhira. Tumelipata kutoka Kiarabu, na asili yake ni kuhudhuria, yaani kuwapo mbele ya msemaji. Hadhira ya fanani ilikaa mbele yake, ikamwitikia, ikamkatiza, ikacheka, hata ikamwondokea. Hadhira ya redio haipo mbele ya mtangazaji, na hiyo ndiyo sababu ya kuzaliwa kwa vipimo: mtangazaji asiyeweza kuwaona wasikilizaji wake humtuma mtu akawahesabu kwa niaba yake. Hesabu imechukua nafasi ya macho, lakini hesabu haicheki wala haikatizi.

Neno la tatu ni tangazo. Lugha yetu inatumia neno hili kwa mambo mawili: matangazo ya redio, yaani vipindi vyote vinavyopeperushwa, na matangazo ya biashara, yaani sifa za sabuni, mbolea na mikopo. Wengine wameuona utata huu kuwa ni upungufu wa istilahi. Mimi nauona kuwa ni ushuhuda. Mnamo mwaka 1977 msomi wa Kanada, Dallas Smythe, alitoa hoja kwamba bidhaa hasa inayouzwa na chombo cha habari cha kibiashara ni hadhira yenyewe: msikilizaji huvutwa kwa kipindi, kisha usikivu wake ukauzwa kwa mwenye bidhaa. Kiswahili, kwa kutumia neno moja kwa mambo mawili, kimeyaweka pamoja yale ambayo mwenye kituo angependa tuyaone mbalimbali.

3. Asili ya kipimo

Vipimo hivi havikuanzia kwetu. Nchini Marekani, mwaka 1930, Archibald Crossley alianza kuwapigia watu simu na kuwauliza walisikiliza nini jana. Mwaka 1934 Claude Hooper alikuja na njia nyingine: aliwapigia watu wakati uleule kipindi kinapoendelea na kuwauliza wanasikiliza nini sasa hivi. Njia mbili hizi zilitoa matokeo yasiyolingana, kwa kuwa kumbukumbu ya binadamu huhifadhi jina kubwa na kulisahau dogo. Uingereza nayo, mwaka 1936, BBC ilimwajiri Robert Silvey kuanzisha utafiti wa wasikilizaji. BBC ilikuwa haina matangazo ya biashara, hivyo maswali ya Silvey yaliweza kwenda mbali kidogo, yakauliza pia watu walikipenda kipindi kwa kiasi gani. Yafaa kulikumbuka jambo hili: shabaha ya kipimo ndiyo iliyoamua swali liulizwe vipi.

Kwetu Kenya redio ilianza mwaka 1928 kwa ajili ya walowezi. Mwaka 1964, baada ya uhuru, shirika la utangazaji likawa chombo cha serikali kwa jina la Sauti ya Kenya, na mwaka 1989 likarudia jina la Shirika la Utangazaji la Kenya, KBC. Katika miaka hiyo hapakuwa na mashindano ya vituo, ila kipimo kilikuwapo. Msikilizaji alinunua kadi ya salamu, akaandika majina ya ndugu, jamaa na marafiki, akaituma kwa posta, kisha akaketi kungoja jina lake lisomwe. Gunia la kadi ndilo lililomwonyesha mtangazaji ni nani wamsikilizao, na wapi. Kilikuwa kipimo kibovu kwa mtaalamu wa takwimu, kwani kiliwapendelea waliojua kuandika na waliokuwa na senti za kadi. Hata hivyo kilikuwa na jambo moja ambalo jedwali la leo halina: msikilizaji alijihesabu mwenyewe, kwa jina lake na jina la kijiji chake, na wenzake wakamsikia akihesabiwa.

Tanzania ilitoa mfano mwingine. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliendeshwa kwa redio na kwa vikundi vya kusikiliza, vilivyowashirikisha watu wapatao milioni 2. Watu walikutana, wakasikiliza pamoja, wakajadiliana wakiongozwa na mwenzao, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka mazalio ya mbu. Mafanikio ya kipindi yalipimwa kwa kitendo kilichofuata. Katika ngazi zile nne za mzizi wetu, kampeni hii ilifika kwenye usikivu, ilhali vipimo vya leo huishia kwenye ngazi ya kwanza au ya pili.

4. Kila kituo ni cha kwanza

Ukiritimba wa serikali ulipolegea katika miaka ya 1990, vituo vya binafsi vikaanza. Capital FM ilianza Nairobi mwaka 1996 kwa Kiingereza. Kameme FM ikaanza mwaka 2000 kwa Gĩkũyũ. Leo mkazi wa Chwele ana vituo vingi vya kuchagua. Viko vya taifa vitumiavyo Kiswahili, kama Radio Citizen, Radio Jambo, Radio Maisha, Milele FM na Radio Taifa ya KBC. Viko vya lugha za Kiluhya, kama Mulembe FM, Ingo FM ya KBC, na Sulwe FM iliyojikita katika Lubukusu. Viko vya papo hapo, kama West FM ya Bungoma, na upande wa Kitale kuna Imani, kituo chenye uhusiano na Kanisa Katoliki.

Baada ya ripoti kutolewa huwa si ajabu kusikia vituo viwili au vitatu vikijisifu, kila kimoja kikidai kuwa ndicho nambari moja. Watu huona kuwa mmoja wao hana budi kuwa mwongo. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake; lakini hapa yawezekana wote wakaivuta ngozi na wote wakawa wakweli. Tuchukue mfano wa kubuni ili jambo lidhihirike.

Tuseme pana watu 100, na vituo vitatu: A, B na C. Watu 60 walikifungua kituo A jana, kila mmoja kwa nusu saa. Watu 20 walikifungua kituo B, kila mmoja kwa saa 3. Watu 30 walikifungua kituo C, kila mmoja kwa saa 1. Na kati ya hao 30, watu 25 walikuwa nacho saa 12 hadi saa 1 asubuhi, wakati kituo A kilikuwa na watu 15 na kituo B watu 10. Tukihesabu waliofikiwa, A ni cha kwanza kwa asilimia 60. Tukihesabu mgawo wa muda, saa zote ni 120. A ina saa 30, C ina saa 30, na B ina saa 60, yaani nusu nzima, hivyo B ni cha kwanza. Tukihesabu alfajiri peke yake, C ni cha kwanza. Takwimu ni zilezile, washindi ni watatu.

Fundisho la mfano huu ni kwamba “cha kwanza” ni sentensi isiyotimia. Haina budi kufuatwa na maswali: cha kwanza kwa kipimo gani, saa ngapi, mahali gani, miongoni mwa watu gani? Mhakiki wa lugha anaijua hila hii vizuri, kwa kuwa ni hila ya kisarufi: kivumishi kimesimamishwa peke yake na kijalizo chake kimefichwa.

5. Watu watatu wa Chwele

Tuingie sasa katika suala la sampuli. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, Kenya ilikuwa na watu 47,564,296. Kaunti ya Bungoma ilikuwa na watu 1,670,570, na jirani yake Trans Nzoia, yenye makao makuu Kitale, ilikuwa na watu 990,341. Tuchukulie kwamba mtafiti anawahoji watu 3,000 katika nchi nzima na kuwagawa kwa uwiano wa idadi ya wakazi. Bungoma itapata wahojiwa wapatao 105, Trans Nzoia wapatao 62. Bungoma ina maeneo bunge 9. Kabuchai basi itapata watu 11 au 12. Kabuchai ina wadi 4. Wadi ambayo Chwele imo itapata watu 3.

Watu 3,000 wanatosha kabisa kumwambia mwenye kuuza sabuni nchi nzima ni kituo gani kinachovuma kitaifa, na kwa hilo hatuna ugomvi na mtafiti. Shida huanza pale takwimu hizohizo zinapokatwa vipande ili vituo vya mahali pamoja vilinganishwe. Tuseme kati ya wahojiwa 105 wa Bungoma, kituo kimoja kimetajwa na asilimia 30 na kingine na asilimia 22. Tofauti ya pointi 8 huonekana kubwa katika jedwali, nayo hutosha kumfanya mtu afunguliwe au afungiwe mfuko wa matangazo. Kwa kanuni za kawaida za takwimu, sampuli ya watu 105 inahitaji tofauti ya pointi 13 au 14 hivi kabla hatujathubutu kusema kwamba kituo cha kwanza kimekishinda cha pili kwa hakika. Hata tukiizidisha sampuli ya taifa mara tatu, Kabuchai itapata watu 35 tu.

Kuna na suala la mipaka. Hadi mwaka 2013 Bungoma ilikuwa katika Mkoa wa Magharibi, na Trans Nzoia katika Mkoa wa Bonde la Ufa. Utafiti unaofuata mipaka ya mikoa hiyo ya zamani humweka msemaji wa Lubukusu wa Chwele katika fungu moja na Mluhya wa Vihiga, na kumweka msemaji wa Lubukusu wa Kitale katika fungu lingine pamoja na wasikilizaji wa Kikalenjin. Hadhira moja ya lugha imekatwa vipande viwili, na kila kipande kikaonekana kidogo kuliko kilivyo. Tena mawimbi hayatambui kituo cha forodha cha Lwakhakha. Ng’ambo ya mpaka, upande wa Mbale nchini Uganda, husemwa Lumasaba, lugha iliyo ndugu wa karibu wa Lubukusu. Msikilizaji wa kijiji cha mpakani aweza kufuata kituo cha upande wowote; jedwali la Kenya humwona kwa jicho moja, la Uganda kwa jicho jingine.

Wakati nao una uzito wake. Wabukusu hutahiri vijana wao mwezi wa Agosti katika miaka shufwa. Katika majuma hayo vijiji hukesha kwa nyimbo, ndugu hurejea kutoka mijini, na habari za sherehe hutafutwa. Utafiti uliofanywa Agosti ya mwaka shufwa, na uliofanywa Februari ya mwaka witiri, utakuwa umewahoji watu walewale katika hali mbili zisizofanana. Jedwali halitaji Agosti wala halitaji jando.

6. Lugha ya swali na simu ya nani

Njia ya kuhoji kwa simu ya mkononi, ambayo GeoPoll huitumia sana, imepunguza gharama na kuharakisha matokeo. Lakini swali lililotumwa kwa ujumbe mfupi humhitaji mtu mwenye simu, mwenye kusoma, na mwenye subira ya kujibu. Bibi wa Chwele ambaye hufuata matangazo ya Lubukusu kutwa nzima, asiyesoma, na ambaye simu iliyoko nyumbani ni ya mjukuu wake, hataulizwa kitu. Ataulizwa mjukuu, kwa Kiswahili au Kiingereza, naye atakitaja kituo chake yeye. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba asilimia 56.9 ya kaya zilikuwa na redio ya pekee, mbali na ile iliyomo ndani ya simu. Redio hiyo ni chombo cha kaya nzima; simu ni chombo cha mtu mmoja. Kuiuliza simu habari za redio ni kumwuliza mmoja wa nyumba awasemee wote.

Zaidi ya hayo, wahojiwa hukumbuka sauti kabla ya jina. Msikilizaji anaweza kumjua mtangazaji kwa jina la utani, akajua kipindi na saa yake, na asijue kituo kinaitwaje. Akibanwa kutaja, hutaja jina lililo kubwa masikioni mwa watu. Ndilo jambo lililojitokeza katika njia mbili za Crossley na Hooper, nasi tumelirithi pamoja na njia zenyewe.

7. Nani anashindana na nani?

Hapa tunafika penye kiini cha makala. Ripoti hupanga vituo kana kwamba kila kimoja ni mshindani huru. Lakini Radio Citizen, Mulembe FM na Sulwe FM zote ni za kampuni moja, Royal Media Services. Msikilizaji wa Chwele akihama kutoka Radio Citizen kwenda Mulembe, kisha kutoka Mulembe kwenda Sulwe, katika jedwali kuna aliyeshindwa na aliyeshinda; katika daftari la mwenye mali hakuna senti iliyotoka nje ya nyumba. Kituo kama West FM, kinachosimama Bungoma bila ndugu wengi namna hiyo, hakishindani na kituo kingine kimoja. Kinashindana na nyumba nzima, yenye mlango wa Kiswahili, mlango wa Kiluhya cha jumla, na mlango wa Lubukusu.

Tukiutazama mpango wa daraja kwa jicho hili, tunaona kwamba mashindano ya vituo ni mashindano ya lugha yaliyovishwa nguo nyingine. Kituo cha Kiswahili cha taifa huokota wasikilizaji Lamu, Turkana, Kisii na Chwele, na idadi yao huwa kubwa kwa lazima. Kituo cha Lubukusu hakina pa kuokota ila kwa wasemaji wa Lubukusu. Kuviweka katika orodha moja, kisha kukiita kimoja hodari na kingine dhaifu, ni sawa na kulinganisha mto Nzoia na kisima cha kijiji kwa wingi wa maji, na kusahau kuuliza ni watu gani hunywa wapi.

Wanaoumia zaidi ni wasemaji wa lugha zilizo ndogo kuliko hizo. Juu ya Chwele, katika miteremko ya Mlima Elgon, huishi Wasabaot. Vituo vikubwa vya Kikalenjin, kama Kass FM, Chamgei FM ya Royal Media Services na Kitwek FM ya KBC, vinahesabiwa kuwa vyao, kwa hoja kwamba Kisabaot ni tawi la Kikalenjin. Katika sampuli ya Bungoma iliyo na watu 105, Wasabaot ni wachache mno hata wasiweze kuonekana kama fungu. Na lugha isiyoonekana katika jedwali haiwezi kuvuta tangazo, na isiyovuta tangazo haipewi saa. Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 inaitaka Dola ikuze na kulinda uanuwai wa lugha za watu wa Kenya. Vipimo vya soko havikuapa kuilinda Katiba hiyo, wala hatuwezi kuvilaumu kwa hilo. Lawama inatustahili sisi tunaoviachia kazi ambayo havikuumbwa kuifanya.

Mgala muue na haki mpe. Vipimo hivi vimeleta faida ambayo mtu wa idara ya Kiswahili hana ruhusa ya kuikana. Vituo vya kwanza vya binafsi jijini viliitegemea sana hadhira ya Kiingereza, kwa imani kwamba wenye pesa husikiliza Kiingereza. Idadi ya wasikilizaji wa Kiswahili na wa lugha za mama ilikuwa hoja isiyoweza kupuuzwa na mwenye bidhaa. Pasipo idadi, kiburi cha wachache kingeendelea kujiita mapendeleo ya wengi. Idadi ni silaha nzuri katika vita vya namna hiyo. Tunachokataa ni kuifanya silaha kuwa hakimu.

8. Kisichopimwa

Kuna jambo lingine ambalo jedwali haligusi kabisa, nalo ni ubora wa maneno. Tuchukue kipindi cha asubuhi ambamo wasikilizaji hupiga simu kusimulia ugomvi wa ndoa. Kipindi hiki hupata watu wengi, na mwenye kituo huona amefaulu. Ni Kiswahili gani kinachosemwa humo? Wapigaji wa magharibi mwa Kenya huleta methali na taswira za lugha zao na kuzitia katika Kiswahili. Humo huweza kuzaliwa maneno mapya, humo pia huweza kufa maneno. Hakuna asilimia inayotueleza habari hizi.

Vivyo hivyo kwa Lubukusu. Jamii hii ina sanaa ya khuswala kumuse, hotuba ya mazishi itolewayo na mzee mwenye kipawa, ambamo historia ya ukoo, maonyo na unabii husukwa pamoja mbele ya umati. Sanaa hiyo hudai muda mrefu na ukimya. Redio ingeweza kuwa hazina yake; lakini kituo kinachohukumiwa kwa idadi ya kila nusu saa kitasitasita kumpa mzee saa mbili, hasa ikiwa jirani yake anapiga muziki. Hivyo kipimo hakiishii kuhesabu yaliyopo. Huanza kuunda yajayo, kwa kuwa mtayarishaji wa vipindi hukaa akikitazama kipimo kama mwanafunzi atazamavyo karatasi za mitihani iliyopita.

9. Hitimisho

Tumeona kwamba ripoti za wasikilizaji hukusanya chini ya neno moja mambo ambayo Kiswahili kimeyatenga. Kwamba takwimu zilezile zaweza kutoa washindi watatu. Kwamba sampuli ya taifa ikikatwa hadi Chwele hubakiza watu watatu. Na kwamba mashindano yanayoitwa ya vituo huficha mashindano ya lugha na umoja wa wenye mali. Haitoshi kulalamika. Idara za lugha za vyuo vyetu zina wanafunzi wanaorudi makwao kila likizo, wanaosema Lubukusu, Kisabaot, Kiteso na Kiswahili, na wanaokaribishwa katika nyumba ambazo mtafiti wa Nairobi hufika kwa saa moja tu.

Napendekeza kazi nne zilizo ndani ya uwezo wetu. Kwanza, kurekodi na kunakili saa za matangazo ya vituo vinavyosikika mahali pamoja, ili tujue kila kituo kinatumia lugha gani, kwa muda gani, na kwa mambo gani. Pili, kuhesabu kwa kaya na kwa mikusanyiko, yaani kwa kibanda, kwa kinu na kwa kinyozi, na kumwuliza kila aliyepo, pamoja na asiye na simu. Tatu, kuuliza kwa lugha ya mhojiwa, na kutenganisha katika hojaji alichokisikia, alichokisikiliza, na alichokitenda baada ya kusikiliza. Nne, kurudia kazi hiyo katika majira mbalimbali ya mwaka, Agosti ya jando ikiwa mojawapo. Matokeo yake hayatampa mwenye kituo bango la kujiita nambari moja. Yatampa mwalimu, mtunga sera na mtangazaji mwenyewe maelezo ya lugha zinazosemwa kwa watu wa Chwele na zile ambazo watu wa Chwele wamenyimwa.

Wakati huo huo, kila tutakapoambiwa kuwa kituo fulani kinaongoza magharibi mwa Kenya, na tuulize maswali tuliyozoea kuiuliza matini yoyote: nani anasema, kwa lugha gani, kwa niaba ya nani, na ni nani ambaye hakuulizwa.